Mtamba wa Kwedimkole

Wanaosema eda ni mapumziko hawajawahi kuikaa. Mwaija aliikaa yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, Old Korogwe, miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila marashi, bila kuvuka kizingiti ila kwa jambo la lazima. Aliikaa kwa moyo mmoja kwa sababu Hussein alistahili. Lakini siku ya thelathini na tisa akaletewa barua ya kuondolewa katika shirika alilolianzisha mwenyewe, na tangu hapo eda yake ikawa na kazi mbili, kumlilia aliyekufa na kumpangia aliye hai.

Aliyeleta barua ni Hamisa, karani wa ofisi ya Handeni. Alivua viatu mlangoni, akaketi mkekani, akarudia pole aliyokwisha kuitoa msibani, akaikunja na kuikunjua pembe ya kanga yake, mwisho ndipo akaichomoa bahasha. Bodi ya Shirika la Bonde Moja ilikuwa imekutana. Kwa kuwa mkurugenzi aliitwa na hakufika, na kwa kuwa kazi haziwezi kusimama, bodi imeona impumzishe, na nafasi yake ishikwe na naibu wake, Muhidini. Chini palikuwa na sahihi ya mwenyekiti, Mzee Mhina, mwalimu mstaafu, na juu ya sahihi hiyo mstari mmoja: "Tunamwombea heri katika kipindi hiki."

Mwaija aliusoma mstari ule mara tatu. Katiba ya shirika aliiandika yeye, na ilisema mkurugenzi haondolewi bila kusikilizwa ana kwa ana. Muhidini aliijua vizuri, maana ndiye aliyeichapa. Alichofanya ni kungoja wakati ambao mwanamke yule hawezi kutoka nje, akamtumia mwaliko wa kikao kwa simu, kisha akaketi mbele ya wazee na kusikitika kwamba Mama kaitwa hakuja, na kwamba kwa kweli Mama mwenyewe kachoka, amemwambia hivyo. Ujanja wa namna hiyo haufundishwi chuoni, mtu huzaliwa nao.

Hakulia. Machozi aliyokuwa nayo yalikuwa ya Hussein, hakuwa na ya kumpa Muhidini. Aliikunja barua, akaiweka kashani chini ya nguo zake za zamani.

"Mwambie imefika," alimwambia Hamisa. "Na mwambie eda ina mwisho."

Muhidini huyu alitoka Mkumbara na vyeti viwili na shati moja la kubadilishia. Mwaija ndiye aliyemwajiri, ndiye aliyemfundisha kuketi na wafugaji bila kuangalia saa, ndiye aliyemfundisha kwamba mkulima anayepiga kelele hana neno na anayenyamaza ndiye wa kumfuata nyumbani. Yote hayo Muhidini aliyasikia kwa sikio moja. Alichokishika kweli ni wageni. Wageni wa mashirika makubwa wakija kutoka Dar es Salaam, Muhidini alikuwa wa kwanza kufungua mlango wa gari, wa kwanza kucheka, wa kwanza kupiga picha. Picha alizipiga sana, na Mwaija aliona ni kipaji tu cha kijana. Mwenye macho angeona zaidi ya hapo, lakini Mwaija alikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Kazi yenyewe ilikuwa lambo la kijiji cha Kwedimkole. Lambo lile, bwawa la kuchimbwa la kukingia maji ya mvua, lilikuwa moja na watu walikuwa wa aina mbili. Wakulima wa Kizigua walitaka maji ya ndoo na bustani, wafugaji wa Kimaasai walitaka ng'ombe wao wanywe, na kila kiangazi ng'ombe walikatwa panga miguuni na wakulima walirudi nyumbani na vichwa vilivyopasuliwa kwa rungu. Serikali ilikuja, ikahutubia, ikaondoka. Mwaija alikuja akakaa. Miezi kumi na moja alilala nyumba hii na boma lile, alikunywa maziwa ambayo tumbo lake halikuyataka, alitukanwa na pande zote mbili kwamba kahongwa na upande wa pili. Mwisho wakakubaliana. Asubuhi hadi adhuhuri lambo ni la ndoo, kuanzia adhuhuri hadi jua kuzama ni la mifugo, na mifugo ipite njia moja tu, isikanyage mahindi ya mtu.

Siku ya makubaliano Lekakeny, mkubwa wa maboma yale, alimleta mtamba mwekundu, ng'ombe jike ambaye hajazaa, mwenye baka jeupe usoni, shanga shingoni, masikio yamechanjwa alama ya boma lake. Alimpa Mwaija kamba mkononi mbele ya watu wote. "Huyu hauzwi wala hachinjwi," alisema. "Azeeke, afe kwa siku zake. Akifa, ngozi yake niletewe mimi niilalie, nijue amekufa vizuri. Mkimla, mmelila neno langu."

Kwa Wamaasai, aliyetoa mtamba na aliyepewa huachana na majina yao, wakaitana Patawuo, huyu kwa yule na yule kwa huyu. Tangu siku ile Lekakeny hakumwita Mwaija kwa jina lingine. Wilaya nzima ilimwita Mama Mkurugenzi, hata wakubwa wa ofisi za serikali, yeye akabaki na Patawuo wake. Na Mwaija, ambaye alishapewa vyeti vya shukrani vya kutosha kufunika ukuta, alijua ndani ya moyo wake kwamba malipo ya kazi ile yalikuwa hilo neno moja. Akilisikia, hata uchovu wa njia ulimtoka.

Muhidini alikuwapo siku ile. Alipiga picha ya kamba ikipita mkono hadi mkono, kisha akapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao wa kuituma. Maneno ya mzee yalisemwa yeye akiwa kichuguuni, ameinua simu juu.

Mtamba alitunzwa kijijini kwa Faudhia, mjane mkulima ambaye zizi lake lilikuwa hatua chache kutoka kwenye lambo. Faudhia alimwita Biharusi kwa sababu ya zile shanga. Kwa miaka yote Mwaija akifika Kwedimkole hakuketi wala hakuonja maji kabla ya kwenda zizini kumkuna Biharusi shingoni na kumwuliza habari za nyumbani. Watu walimtania kwamba mkurugenzi anakwenda kuripoti kwa bosi wake. Alicheka nao, na safari iliyofuata alikwenda tena.

Hayo yote ndiyo aliyonyang'anywa siku ya thelathini na tisa. Alipotoka eda alikwenda kwa Mzee Mhina, akamwamkia, akamweleza. Mzee alishika kichwa, akasema walidhani ameridhia, akasema sasa imeshatokea, akasema tusivunje shirika kwa maneno. Mwaija aliaga. Alifungua genge la mchele wa Mombo karibu na nyumba, akapima vibaba miaka miwili, na kila kibaba alichokisawazisha kwa kiganja alikuwa akimsawazisha Muhidini.

Habari zilimfikia. Picha ya mtamba ilikuwa imekuzwa na kutundikwa ukutani ofisini, lakini imekatwa upande mmoja. Anaonekana Lekakeny, anaonekana ng'ombe, inaonekana kamba inayoshikwa na mkono usio na mwenyewe. Alipoambiwa hilo Mwaija aliomba arudiwe, akahakikishiwa kwamba ndiyo, ni mkono tu, na bangili yake ya fedha inaonekana. Usingizi ulimpaa wiki nzima.

Basi mwaka wa saba wa makubaliano ukatimia, na karatasi yake ilikuwa na maneno kwamba baada ya miaka saba pande zote zitie sahihi upya. Muhidini aliwaita wageni wakubwa waje kushuhudia, maana kazi ya Kwedimkole ndiyo iliyokuwa ikimwombea fedha za vijiji vingine vitano. Akapeleka taarifa kwa maboma. Jibu likarudi fupi. Lekakeny alisema hatii dole gumba mahali ambapo Patawuo hayupo.

Ndivyo gari jeupe la shirika lilivyosimama mbele ya genge la mchele Old Korogwe, na Muhidini akashuka na mfuko wa sukari na doti ya kitenge.

"Shikamoo, Mama," alisema.

Mwaija aliitikia marahaba, akamvutia kigoda. Muhidini alizunguka sana. Alizungumzia mvua, alimrehemu Hussein, alisema yaliyopita si ndwele, alisema yeye hakuwahi kulala vizuri tangu uamuzi ule wa bodi, ingawa mwili wake ulionyesha kwamba alikuwa akilala na kula. Mwisho akasema shida yake. Mama aje siku ile, aketi mbele, wazee wamwone. Gari litamfuata na kumrudisha.

Mwaija aliendelea kupepeta mchele. Alitaka sana kumwambia aondoke na sukari yake. Lakini alitaka zaidi kujua kitakachofuata, kwa hiyo alimwuliza tu maandalizi yamefikia wapi. Muhidini akaona mlango umefunguka. Akaeleza mahema, viti, vipaza sauti, ngoma ya Kizigua na vijana wa Kimaasai watakaoruka, na chakula.

"Nyama tumejipanga, Mama. Hatununui. Yule ng'ombe wa shirika aliyeko kwa Faudhia, yumo kwenye orodha ya mali zetu, na mwaka huu hakuzaa. Tutamchinja yeye. Nimeona pia ni heshima kwa wazee, wamle ng'ombe wao wenyewe."

Ungo ulisimama mikononi mwa Mwaija. Ulisimama kidogo tu, Muhidini hakuona. Alimwona Biharusi na baka lake usoni. Alimsikia Lekakeny akisema mkimla mmelila neno langu. Neno moja lilitosha, usimchinje, na mjinga huyu angepona, angenunua mbuzi kumi, angekaa kwenye kiti kile miaka mingine ishirini na mkono wake wenye bangili ukutani. Mwaija alihesabu hayo yote kwa muda wa kumeza mate.

"Ni ng'ombe mzuri," alisema. "Mchinjeni mapema, alfajiri. Nyama ya ng'ombe mzima inachelewa kuiva."

Muhidini alimshukuru hadi akamchosha. Alipoondoka, Mwaija aliinua ungo, akapepeta, na makapi yakaruka yote upande mmoja. Alijiona mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu barua ile alikula wali wake akaumaliza.

Siku yenyewe gari lilimfuata kama lilivyoahidiwa. Alikaa kiti cha nyuma cha gari alilolitafuta yeye kwa barua kumi na nne, akapita barabara ya Handeni huku akiangalia mahindi ya watu, na Hamisa aliyekaa mbele alimsemesha mara mbili akajibiwa kwa kichwa. Kwedimkole ilikuwa imependeza. Mahema yalikuwa tayari, wanawake wa kijiji walipiga vigelegele walipomwona, wazee wakasimama. Wanawake wa Kimaasai waliotangulia na vibuyu vyao vya maziwa walikuwa wameketi kwenye kivuli cha hema la kwanza, na mmoja wao alikuwa Nasinkoi, mke wa Lekakeny. Mwaija aliwapungia wote mkono, akalipita zizi la Faudhia, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele alichowekewa, akaketi na kusawazisha ushungi wake. Harufu ya pilau ilikuwa imejaa uwanja.

Faudhia alimfuata palepale kwenye kiti, akainama na kumnong'oneza. Macho yalikuwa yamemvimba. Alisema Muhidini alikuja na barua na muhuri, akasema Mama ameruhusu, na yeye hakuamini lakini angefanya nini na muhuri. "Ni kweli uliruhusu, dada?" aliuliza. Mwaija alimshika mkono akamwambia aende jikoni, wageni wasikae na njaa. Faudhia alimtazama, kisha akaenda jikoni.

Lekakeny alifika adhuhuri na wazee kumi na wawili. Alisalimia wageni, akasalimia wazee wa Kizigua, na kwa Mwaija akasimama zaidi, akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwita jina lake lile. Kisha, kabla ya kuketi, akaenda zizini. Naye ilikuwa desturi yake. Mwaija hakugeuza shingo. Alimsikiliza kwa mgongo wake wote.

Zizi lilikuwa tupu. Nyuma ya zizi, ngozi nyekundu ilikuwa imewambwa chini kwa vigingi, upande wa nyama juu, nzi wamejaa. Mzee aliinama, akakunja pembe moja ya ngozi, akaiona alama ya sikio. Alirudi polepole, na watu walimpisha bila kujua kwa nini.

Muhidini hakujua pia. Alikuwa amesimama na kipaza sauti, anatabasamu. Akamwambia mzee hadharani kwamba leo ni siku kubwa, na kwa heshima yake wamemchinjia ng'ombe wa shirika.

"Ng'ombe wa nani?" Lekakeny aliuliza.

Hakupaza sauti. Akasimama mbele ya wageni akawaeleza kwa Kiswahili cha taratibu, neno moja moja, mtamba yule alikuwa nini, nani alipewa, na siku ile kilisemwa nini mbele ya watu waliopo hapa. Aliwauliza wazee wa Kizigua kama anasema uongo. Mzee Mwinjuma, ambaye shamba lake lilipakana na lambo, alijibu kwamba hasemi uongo, alikuwepo, alisikia. Mgeni mmoja aliyekwisha kuanza kula aliweka kijiko chini.

Uso wa Muhidini ulibadilika rangi. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akamwona Mwaija.

"Mama alijua! Nilimwambia mimi mwenyewe, kwake, Korogwe. Akasema tumchinje alfajiri."

Wote wakamgeukia Mwaija. Miaka miwili alikuwa ameusubiri uso ule wa Muhidini, uso wa mtu anayesema kweli na haaminiwi, na sasa ulikuwa hatua kumi mbele yake na jasho linautiririka. Alijichukulia muda. Alisema yeye ni muuza mchele. Alisema aliondolewa shirikani akiwa ndani ya eda ya mumewe, hakuulizwa wakati wa kuondolewa, nani basi angekuja kumwuliza habari za ng'ombe? Wanawake wakaguna. Mzee Mhina, aliyekuwa safu ya pili, akainamisha kichwa.

Lekakeny alisubiri waishe kuguna.

"Patawuo," alisema. "Ulijua?"

Kwenye mlango wa jiko alisimama Faudhia na mwiko mkononi. Mwaija alimwona.

"Sikujua," alisema.

Faudhia akarudi ndani. Lekakeny akasema amesikia, akageuka. Wazee kumi na wawili wakageuka naye. Hakuna aliyeonja pilau. Nasinkoi alikwenda nyuma ya zizi, akang'oa vigingi kimoja kimoja, akaiviringisha ngozi mbichi, akajitwika na kuwafuata wenzake. Wageni walifunga madaftari yao na kuomba gari lao. Muhidini alibaki katikati ya uwanja na kipaza sauti kilichokuwa bado kimewashwa, kinasikika kikivuma.

Roho ya Mwaija ilisuuzika. Asiwadanganye mtu kwamba kisasi ni kichungu, kile kilikuwa kitamu, na alikwenda nacho hadi Old Korogwe akikionja njia nzima. Alifungua kasha, akaitoa ile barua, akaiweka juu ya meza aitazame wakati wa chai.

Yaliyofuata yalikwenda yenyewe. Karatasi haikutiwa dole, kwa hiyo makubaliano hayakuwapo tena, na wiki tatu ng'ombe waliingia lamboni saa yoyote. Mahindi ya Mwinjuma yalikanyagwa. Binti wa kijiji aliyekwenda na ndoo asubuhi alirudi hana ndoo na mkono umevunjika, kwa sababu kundi lilimsukuma kwenye ukingo. Mwaija aliletewa habari hiyo gengeni. Aliuliza ni binti wa nani, akatajiwa, akamkumbuka, akapima kibaba cha mteja aliyekuwa akisubiri, na mchele ukamwagika kidogo. Aliwaza kwamba akirudi mambo yatakaa sawa, na kwamba hilo lisingetokea kama Muhidini asingekuwa Muhidini. Akajishikilia hapo.

Wanachama wakadai mkutano. Mzee Mhina alikuja mwenyewe hadi gengeni, akaketi kwenye kigoda kilekile, akaomba radhi kwa maneno ya mtu mzima, akamwuliza Mama angependa mkutano uwe lini. Mwaija alimwomba kalenda. Alikwisha kusikia kwamba Muhidini anamwoza binti yake mkubwa kwao Mkumbara, na siku alishaijua. Akaweka kidole chake juu ya siku hiyo.

Muhidini aliandika kuomba isogezwe, kwani baba hawezi kukosekana siku ya ndoa ya mwanawe. Hakusogezewa. Mkutano ulikaa, ukamsikitikia kwamba kaitwa hakuja, ukamwondoa kwa mikono iliyonyooshwa yote. Barua yake aliichapa Hamisa. Mwaija alisimama nyuma yake na kumsomea mstari wa mwisho autie juu ya sahihi: "Tunamwombea heri katika kipindi hiki." Hamisa alichapa bila kuinua macho.

Jumatatu iliyofuata Mwaija aliketi katika kiti chake Handeni. Kitu cha kwanza alichokifanya ni kuishusha picha ukutani na kutundika ile nzima, yenye mwenye mkono. Kitu cha pili, alituma watu kwenye maboma kwa heshima zote, na salamu kwa Faudhia kwamba anamkaribisha ofisini. Faudhia alijibu kwamba ana shughuli za shamba.

Lekakeny alikuja siku ya Alhamisi. Mwaija alimwona dirishani akivuka uwanja na fimbo yake, akasimama kumpokea. Miaka yote mzee huyu alikuwa akiingia ofisini mle moja kwa moja, hata katikati ya vikao, na wageni wakashangaa. Siku hiyo alisimama nje ya mlango uliokuwa wazi, akabisha.

"Hodi."

"Karibu, Patawuo," alisema Mwaija.

Aliingia, akaketi kwenye kiti cha wageni. Hakutaka chai. Alisema amekuja kwa ajili ya karatasi ya lambo, binti wa watu amevunjika mkono na haifai, asomewe. Mwaija alimsomea yote, saa za ndoo, saa za mifugo, njia ya kupita. Mzee akaongeza moja, kwamba kila upande utoe walinzi wawili wa kusimama lamboni kila siku. Mwaija alisema huko nyuma hapakuhitajika walinzi. Mzee alisema sasa panahitajika. Akachovya dole gumba kwenye wino, akalibana juu ya karatasi, akajifuta kwenye shuka.

Kisha akaitazama picha ukutani.

"Siku ile uliposhuka garini," alisema, "Nasinkoi alikuwa amekaa kwenye hema la kwanza. Hakujua kwamba ng'ombe amechinjwa, walichinja kukiwa giza. Akakuona unapita zizi, unakwenda kuketi. Akashangaa. Aliniambia nilipofika, kabla hata sijaenda kutazama."

Mwaija aliusogeza wino kando.

"Miaka yote hukuwahi kuketi kabla ya kumsalimu," mzee aliendelea. "Asiyejua angekwenda kumsalimu."

Yalikuwapo maneno mengi ya kusema mle chumbani. Lilikuwapo la eda, lilikuwapo la mkono usio na mwenyewe, lilikuwapo la kwamba kisu hakukishika yeye. Mwaija aliyapitia yote na hakuona hata moja ambalo lingemfikia mtu aliyekaa mbele yake. Aliona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio, na hakukumbuka mara ya mwisho alipoona haya mbele ya mtu.

"Kwa nini hukusema palepale?" aliuliza.

"Ulilitunza neno langu vizuri kabla ya siku ile. Nikasema nisikuvue nguo mbele ya watu. Hilo nimekufanyia, na sina jingine." Alishika fimbo yake, akainuka. "Ngozi ninailalia. Maji watu watakunywa kwa karatasi hii, na karatasi ni nzuri, nimeisikia. Kwaheri, Mama Mkurugenzi."

Alitoka, akavuta mlango nyuma yake kama watu wanavyofanya kwenye ofisi za serikali. Hamisa alikuja baada ya kitambo kuuliza kama mgeni atakunywa chai. Akamkuta Mama amesimama palepale nyuma ya meza, mkono mmoja juu ya kile kiti cha mkurugenzi.